Landrova Iliyolia Kama Mashine ya Kusaga

Nikubali mapema, ili msije mkadhani nawaficha: mimi ndiye yule fundi aliyekwenda Ilula kumposea mdogo wake mke, akavaa suti, akafunga tai, akakariri maneno ya kusema mbele ya wazee, halafu jioni akarudi mjini mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi soksi, bila kutamka hata neno moja la posa. Hapa gereji, Ipogolo, Iringa mjini, watu wanaijua habari hii vipande vipande na kila mmoja anaiongezea chumvi yake, kwa hiyo nimeona afadhali niieleze mwenyewe, polepole, tangu mwanzo, na mwanzo wake uko kwenye injini.

Nina Landrova ya zamani, ile ndefu yenye mabenchi ya kuelekeana nyuma. Injini yake ya petroli ilikuwa imechoka, na hata ilipokuwa nzima ilikunywa mafuta kama mtu aliyetoka kulima. Wengi wenye magari kama hili hupachika injini ya Canter au ya Hiace, na hiyo ni kazi inayojulikana, hakuna anayegeuka kukutazama. Mimi nikataka kitu changu. Siku moja nikitoka kusalimia nyumbani Ilomba, Mbeya, nilipita Chimala nikakuta mashine ya kusaga iliyofungwa baada ya umeme kufika, na injini yake ya dizeli, pistoni mbili, imekaa kwenye kona imefunikwa gunia. Nikaipenda palepale.

Najua mtauliza kama jambo hilo linawezekana, maana kila mtu huuliza. Linawezekana. Injini kazi yake ni kuzungusha, basi. Haijui kama mbele yake kuna magurudumu au mahindi. Kinachotofautiana ni tabia. Injini ya gari hupenda kukimbia, ya mashine hupenda kutembea taratibu na mzigo wake kutwa nzima bila kulalamika, kwa hiyo ukiitia kwenye gari unapata gari lenye nguvu ya kupanda mlima wowote na lisilo na haraka ya kufika juu. Kazi ngumu iko kwenye kuiunganisha na giaboksi. Nilichonga sahani nene ya chuma, nikatoboa matundu ya upande mmoja yafuate injini na ya upande mwingine yafuate giaboksi, nikapima na kupima tena, kwa sababu sahani ikikaa kombo hata kwa unene wa ukucha, klachi itakuwa inaungua kila mara. (Kama una ndoto ya kufanya kazi ya namna hii, usikate tamaa sahani ya kwanza ikiharibika. Ya kwanza yangu leo ni mfuniko wa pipa la maji, na inafaa sana.)

Kuna kitu kimoja tu ambacho sikukitoa. Mliokulia vijijini mnakijua: kile kikopo kinachopachikwa kwenye mdomo wa ekzosi ya mashine ya kusaga, moshi ukikipiga kinalia puu, puu, puu, na sauti inavuka mabonde mpaka mtu aliye shambani ng'ambo anajua kwamba leo mashine inasaga, apeleke mahindi. Kikopo hicho kilikuja na injini. Hapa mjini majirani walilalamika, nikakikunja pembeni na kukifunga kwa waya, lakini kukikata moyo ulikataa. Niliposikiliza ile sauti mara ya kwanza ikitoka kwenye gari nililolijenga kwa mikono yangu, nilisimama nimeshika spana kama mtu anayesikiliza kwaya.

Sasa posa. Mdogo wangu Ambakisye, tunayemwita Amba, ni mwalimu Mbeya. Alikutana chuoni na binti wa Kihehe anayeitwa Tumaini, wakapendana, na kwao ni kijiji kimoja ndani kidogo kutoka Ilula. Baba yetu alifariki Amba akiwa bado darasa la chini, mimi nikawa ndiye wa kumnunulia daftari na kumchapa akitoroka shule. Baba yetu mdogo yupo, anaishi Ilomba, na kwa haki yeye ndiye angesema, lakini alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, mimi nitakuja kukaa pembeni yako. Maneno utasema wewe. Wewe ndiye uliyekuwa baba yake." Sijui kama mnaelewa jambo hilo lilinikaa vipi. Nilijifunza maneno yale mbele ya kioo. Palikuwa na sehemu ya kumtaja baba, kwamba kama angekuwepo ndiye angevua kofia mlangoni pao, na kila nikifika hapo nilikuwa narudia tangu mwanzo.

Mshenga wetu alikuwa Mzee Chaula, mstaafu wa Ilula anayejuana na familia zote mbili. Alitupa sharti moja tu. Baba wa binti, Mzee Kihwele, alishawahi kuletewa posa ya binti huyohuyo na watu waliokuja na msururu wa magari na nyimbo, kijiji kizima kikashangilia, halafu watu wale hawakurudi tena. Tumaini, kwa aibu, akawa hatoki hata kwenda kisimani.

"Kwa hiyo mje kimya," Mzee Chaula akasema. "Watu wachache, kama wageni wa kawaida tu. Kijiji kikijua kabla yeye hajatoa jibu, mzee hatawasikiliza. Ameapa."

"Tutakuja kama paka," nikamwambia.

Baba Mdogo na Amba walikuja Iringa kwa basi, wakalala kwangu, na asubuhi Baba Mdogo alipoiona Landrova akauliza kwa upole kama hakuna mtu wa kutukodisha Noah. Nikamwambia, Baba Mdogo, hata kidogo, kaka wa bwana harusi aende kuposa na gari la kukodi wakati analo lake? Nikamfungulia boneti nikamweleza sahani, matundu na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndaga, asante mwanangu, nimeelewa. Na Noah hakuna kabisa?"

Barabara kuu tulikwenda vizuri, taratibu, malori yanatupita na madereva wakichungulia. Ilula pale penye soko la nyanya tukamchukua Mzee Chaula, tukaacha lami, tukaingia njia ya vumbi. Njia ile ina mawimbi kama bati la paa, gari likatetemeka mpaka meno yakagongana, na tulipoanza kupanda kilima cha mwisho waya wangu ukakatika.

Puu. Puu. Puu. Puu.

"Hicho nini tena?" Baba Mdogo akauliza.

"Kikopo tu, Baba Mdogo. Waya umekatika."

"Simama ukifunge."

Hapa ndipo nilipoamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu asingeuona. Nikatazama suti yangu. Nikafikiria ekzosi ilivyo ya moto, na sina glavu, na tumechelewa. Nikasema, "Tumeshafika, ni hapo juu tu." Hizo ndizo sababu nilizozitoa kwa mdomo. Ile ya kweli ni kwamba nilitaka Mzee Kihwele aisikie. Nilitaka ajue, kabla hajaniona, kwamba kaka wa mkwe wake si mtu hivihivi. Mzee Chaula, aliyekaa nyuma na zawadi za blanketi magotini, alipiga kelele kitu fulani, lakini kwa mlio ule sikumsikia.

Mama wa kwanza alitokea kwenye shamba la maharage, akasimama, akatega sikio, akatupungia mkono kwa nguvu. Nikampungia. Nikasema watu wa huku wakarimu kweli. Nyumba iliyofuata wakatoka wawili. Nikapiga honi kidogo kuwasalimia (nakumbuka honi ile kuliko mambo mengine yote). Tukapita kanisa, nikaona mtu anatoka mbio kurudi nyumbani kwake, nikadhani ameacha kitu jikoni.

"Kaka," Amba akasema kutoka nyuma, "kuna watu wanatufuata."

"Wanatusindikiza."

"Kaka, wana ndoo."

Kumbe hali ilikuwa hivi. Transfoma ya kijiji ilikuwa imeungua, mashine ya umeme imenyamaza siku nyingi, unga umeisha majumbani, watu wanakula viazi asubuhi na jioni na watoto wameanza kuvigomea. Na kabla ya umeme, aliyekuwa na mashine ya dizeli pale kijijini, yenye kikopo kinacholia puu puu, alikuwa nani? Mzee Kihwele. Injini aliiuza umeme ulipokuja, lakini kinu chenyewe kilikuwa bado kimesimama kwenye banda uani kwake. Kwa hiyo watu waliposikia sauti ile inapanda kilima kuelekea kwa Mzee Kihwele, hawakuwa na haja ya kuuliza.

Nilipozima gari, Mzee Kihwele alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti lake la kanisani. Nikashuka, nikainama, nikasema "Kamwene", salamu ya Kihehe, kwa lafudhi yangu ya Kinyakyusa. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka. Ua mzima ulikuwa umejaa ndoo, madebe, vifurushi vya kanga, na mama mmoja mwenye sauti ya kuongoza maandamano, waliyemwita Mama Zawadi, alikuwa ameshafika mbele.

"Mzee Kihwele! Kumbe ulikuwa unatuficha! Mashine imerudi halafu unanyamaza, sisi tunakufa na viazi?"

"Hakuna mashine, Mama Zawadi."

"Hakuna mashine, hiyo iliyokuwa inalia ni jogoo?" Watu wakacheka. Kisha akatutazama, mmoja mmoja, akafika kwenye tai yangu, akafika kwenye blanketi mikononi mwa Mzee Chaula, na macho yake yakaanza kufinyika taratibu, kama ya mtu anayejumlisha. "Na hawa wenye suti ni nani?"

Nilimwona Tumaini dirishani, sehemu ya uso tu, kisha pazia likafungwa. Nikaona mkono wa Mzee Kihwele unavyokaza kwenye fimbo, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa nimebeba heshima ya nani, na nilivyoibeba.

"Hawa," Mzee Kihwele akasema, "ni mafundi."

"Mafundi wamefunga tai?"

"Wametoka Mbeya," mzee akasema, kana kwamba hilo linatosha, na cha ajabu likatosha.

Mzee Chaula akanisogelea akaninong'oneza bila kufungua meno, "Umemsikia. Wewe sasa ni fundi."

"Lakini mimi ni fundi kweli."

"Basi hiyo ndiyo bahati pekee uliyobaki nayo. Isagishe hiyo mashine, watu waondoke."

Nikavua koti. Kinu kilikuwa kizima, mkanda wa zamani ulikuwa umening'inia ukutani, kilichokosekana ni cha kukizungusha. Njia yake si ngumu, naieleza kwa sababu inaweza kukusaidia siku moja. Ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki na kuweka mawe imara kwenye yaliyobaki chini, gari likiwa kwenye gia nguvu yote inakimbilia lile lililo hewani. Nikafungua tairi, mahali pake nikaweka rimu tupu niliyokuwa nayo nyuma ya gari, mkanda ukakaa vizuri kwenye mfereji wa rimu kama umezaliwa humo, upande wa pili ukakaa kwenye puli ya kinu. Baba Mdogo, na suti yake ya kuzikia na kuozesha, akapewa kazi ya kushikilia gogo la kukaza mkanda. Amba akapokea ndoo. Ndoo ya kwanza, kwa heshima, ikawa ya mama wa Tumaini, mkwe wetu mtarajiwa, aliyesimama karibu kabisa na kinu na kitenge kipya.

Nikawasha, nikatia gia, nikaachia klachi. Kinu kikaitikia. Watu wakapiga vigelegele. Amba akamimina mahindi.

Sasa, jambo ambalo mwanafunzi wangu yeyote angelikumbuka na mimi sikulikumbuka, kwa sababu ua mzima ulikuwa unanitazama, ni kwamba rimu ilikuwa inazunguka kwenda upande mmoja na kinu kilitakiwa kizunguke kwenda upande mwingine. Feni ya ndani ikizungushwa kinyume, badala ya kuvuta unga kuupeleka kwenye mfuko, inaupuliza juu, inakotoka mahindi. Ulitoka wote kwa pamoja. Wingu jeupe likapanda, likasimama kidogo kama linachagua, likashuka juu ya mkwe wetu mtarajiwa, kitenge, kilemba na kope. Baba Mdogo alishtuka akaachia gogo, mkanda ukachomoka ukamchapa mguu, akakaa chini kwenye pumba, akasema kwa Kinyakyusa neno ambalo sijamsikia akilisema kabla wala baada.

"Ehe!" Mama Zawadi akasema. "Fundi wa Mbeya, sisi tulisema utusagie mahindi, hatukusema umsage mama mwenye nyumba!"

Mkwe akafungua macho. Akajipangusa mdomo kwa kidole, akaonja, akasema, "Umelainika lakini," na ua mzima ukavunjika kwa kicheko, na mimi nikacheka kidogo huku natafuta pa kuingia. Nikakunja mkanda uvuke katikati kama namba nane (mkanda ukivuka, kile kinachozungushwa hugeuza mwelekeo, ni rahisi hivyo, mkumbuke), nikawasha tena, na unga ukaingia mfukoni kama ulivyoagizwa.

Tukasaga. Watu walizidi kuja, hata wa kijiji cha jirani, maana kikopo hakikunyamaza na injini ile, niliwaambia, haichoki. Amba alimimina ndoo mpaka shati likamgandia. Zamu ya nyumba ile ilipofika tena, kufidia ndoo iliyopeperuka, aliyeileta alikuwa Tumaini mwenyewe, kitambaa kichwani, macho chini. Mbele ya kijiji kizima wawili wale hawakuwa wanajuana.

"Laini kiasi gani, dada?" Amba akauliza.

"Ya kawaida tu, fundi," akajibu, na akamwachia ndoo. Nilimwona mdogo wangu akikung'uta ile ndoo mpaka punje ya mwisho, na sikuweza kuendelea kumtazama.

Jua lilipokuwa linashuka, watu wakaisha. Blanketi zilikuwa bado ndani ya gari. Mzee Kihwele akaniita nyuma ya banda, tukasimama wawili, mimi nikiwa mweupe kama mtu aliyechorwa kwa chaki, na nikaanza kukusanya yale maneno yangu ya mbele ya kioo. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Kijana, nimewatazama kutwa. Mdogo wako simchukii. Nyumba yenu siichukii. Watu wamekula leo kwa sababu yenu. Lakini nimeshakiambia kijiji ninyi ni mafundi. Nikiwaingiza ndani sasa hivi kwa posa, kesho watasema Kihwele amemtoa binti yake kwa kusagiwa unga. Wamesema ya kutosha juu ya mtoto huyu."

"Tuje siku gani basi, mzee?"

"Waje wengine. Wasioonekana leo. Waje kwa miguu."

"Mzee, wengine sawa, lakini mimi nasimama mahali pa marehemu baba yetu. Maneno ni mimi wa kuyasema. Hata mimi nisije?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Hasa wewe," akasema.

Wakaenda shangazi yetu na jirani mmoja mzee wa Soweto, Mbeya, watu ambao Amba amewaamkia tu maisha yake yote bila kulala kwao. Usiku wa kuamkia safari walipita kwangu, nikamfundisha shangazi maneno yote, sehemu ya baba nikamrudishia mara nyingi mpaka akaniambia, "Nimeshika, acha nilale." Kesho yake nilikaa gereji nikafungua giaboksi ambalo halikuwa na ugonjwa wowote, nikalipanga upya, nikalifungua tena. Mchana simu ikaita.

"Wamekubali," shangazi akasema. Nyuma yake nilisikia watu wanacheka ndani ya nyumba, ile sauti ya sahani na vikombe ya watu waliokaribishwa.

Nikamshukuru Mungu. Kisha nikauliza, "Ile sehemu ya baba ulisemaje?"

"Mwanangu, ilinitoka kichwani palepale. Nilisema tu, huyu kijana alilelewa na kaka yake, na kaka yake angependa sana kuwa hapa."

Nikakaa juu ya tairi, simu ikiwa bado sikioni.

Watu huniuliza kama najuta kwa ile injini, na jibu ni hapana. Injini haikumwahidi Mzee Chaula kitu chochote, mimi ndiye niliyemwahidi. Ninachokitafakari mpaka leo ni kwamba mtu aliniomba jambo moja dogo kwa ajili ya mtoto wake aliyeumizwa, na mimi nikalipima kwenye mizani moja na hamu yangu ya kusikika, hamu ikashinda bila hata kutokwa jasho. Wewe unayejenga vitu vyako, jenga, jivunie, waoneshe watu, ni haki yako kabisa. Ila siku ukienda kwa shida ya mwingine, iache fahari yako nyumbani, itakungoja.

Tuna mdogo wetu wa mwisho, na juzi ameanza kunitajia binti mmoja wa Makambako. Nimemwambia sawa, lakini tutapanda basi, na tukishuka nitatembea nyuma ya wote, kimya, mpaka mwenye nyumba aniambie mwenyewe kwamba sasa ninaweza kusema.